Jibu: sefu ya bunduki kwa nyumba ya shambani Mufindi

Kaka, umeuliza kama sefu ya kilo 60 inatosha kwa shotgani yako yenye kibali huko shambani. Inatosha, ila uzito huo vijana wawili wanaubeba kama gunia la mahindi, wakaipasulie msituni kwa nafasi. Kwa hiyo hela yote isiishie dukani, bakiza ya kuifunga.

Usiifunge ukutani. Kama ni tofali za kuchoma zilizojengewa udongo, bolti inang'oka na kipande cha ukuta. Sakafu nayo ichunguze, nyingi ni saruji nyembamba tu juu ya mawe. Chimba kona ya chumba cha ndani, mwaga zege la unene wa sentimita 15 hivi, limwagilie maji, liache likomae wiki nne. Ndipo utoboe na kukaza bolti za milimita 12 kupitia matundu ya chini ya sefu, nati zikiwa ndani. Ikikaa kwenye kona, mtaimbo unakosa pa kuingia.

Halafu ule ukungu wenu! Chuma kinashika kutu hata ndani ya sefu. Weka vifuko vya kunyonya unyevu, futa mtutu kwa mafuta, na usiihifadhi kwenye mfuko wake wa ngozi.

Risasi ziwe kwenye kiboksi kingine chenye kufuli. Ufunguo tembea nao, juu ya kabati watoto wanapajua. Na kabla hujalipa pima urefu wa ndani, maana sefu nyingi za madukani ni za kutunzia hela, bunduki haiingii.