Mtungi wa trafiki na mtungi wa moto

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa Desemba 2021, tumeshaipita Mombo, tunapanda Moshi kula Krismasi nyumbani. Nilikuwa kwenye usukani, mama yangu kiti cha pembeni, wanangu wawili nyuma, na buti imejaa kama inavyojaa ya mtu anayerudi kwao mara moja kwa mwaka. Mama akasema, "Kuna kitu kinaungua." Nikamjibu kwamba ni watu wanachoma majani huko kwenye mkonge. Muda mfupi baadaye redio ikazimika yenyewe, na moshi wa kijivu ukaanza kutoka kwenye matundu ya kiyoyozi, usawa wa magoti yetu.

Nilisimama pembeni, nikazima injini, nikamfungulia mama mkanda. Watoto walikuwa wanahangaika na vitasa vya milango bila mafanikio, kwa sababu milango ya nyuma niliiweka loki ya watoto na loki ile haifunguki kutoka ndani. Nikazunguka kuwafungulia kwa nje. Kisha nikakimbilia buti, maana mtungi wa kuzimia moto ninao, tena ninao miaka yote.

Mtungi ulikuwa chini kabisa. Juu yake kulikuwa na kiroba cha mchele, masanduku mawili, ndoo ya nguo na katoni ya zawadi. Nikavitupa vyote barabarani. Nilipoupata, nikachomoa pini, nikaelekeza kwenye boneti, nikabana. Ulitoa pumzi kidogo na unga kama wa kiganja kimoja, ukanyamaza. Ndipo nikautazama mshale wa geji, ule unaoonyesha kama mtungi bado una mgandamizo, kwa mara ya kwanza tangu niununue. Ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

Kilichotuokoa ni lori la mizigo lililokuwa likishuka kutoka upande wa Same. Dereva alisimama mbali kidogo, akaruka na mtungi mkubwa mkononi. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa boneti, nataka niinyanyue nione moto uko wapi. Akapiga kelele, "Dada, acha hiyo! Usifungue!" Akaniondoa, akajifunga kitambaa mkononi, akainua boneti kiasi cha vidole vitatu tu, akaingiza mdomo wa mpira kwenye ule upenyo na kumimina. Ulipotulia, akasubiri, akamimina tena. Halafu akauokota mtungi wangu kwenye majani, akaugeuzageuza, akaniambia kwa upole kabisa: "Dada, huu ulikuwa mtungi wa trafiki."

Sijawahi kulisahau neno hilo. Alikuwa sahihi. Niliununua kwa sababu ya trafiki, na kila niliposimamishwa niliulizwa kama ninao, nikajibu ninao, pamoja na pembetatu, tukaachana. Hakuna siku niliyojiuliza kama unafanya kazi. Naamini magari mengi tunayopishana nayo yana mitungi ya namna hiyo, na ndiyo maana naandika. Zimamoto wa Tanzania wanapatikana kwa 114, na kwa Kenya ni 999 au 112. Ipige, tena mapema, mtu mmoja apige wakati mwingine anahangaika na moto. Lakini katikati ya Mombo na Hedaru, hata wakija mbio namna gani, gari dogo linakuwa limeshateketea. Moto wa gari hauhesabiwi kwa saa, ni dakika chache. Katika dakika hizo uko peke yako na kile ulichobeba.

Basi tuanze na ulichobeba. Mitungi mingi ya magari madogo ni ya unga mkavu, ya kilo 1 au kilo 2, na imeandikwa ABC. Herufi hizo zina maana: A ni vitu vikavu kama vitambaa, plastiki na sponji za viti, B ni petroli, dizeli na oili, C ni gesi. Gari lina vyote, kwa hiyo ABC ndiyo inayotufaa. Ile ya kaboni dayoksaidi, yenye mdomo mweusi mpana, ni nzuri sana kwa chumba cha mitambo ya umeme, ila barabarani upepo unaichukua gesi yote, na haipoozi sponji iliyoshika moto. Ukiacha, inawaka tena. Maji usiyamwage kwenye petroli, yanausambaza moto.

Jambo lililonishangaza nilipokwenda kujifunza baadaye ni jinsi mtungi wa kilo 1 unavyokwisha upesi. Ni sekunde 10 hivi, wala si zaidi sana. Yaani ukianza kumwaga ungali unakimbilia gari, unafika mtungi mtupu. Ndiyo sababu mimi sasa nabeba wa kilo 2, na mwenye gari la abiria au la mizigo ningemshauri asiridhike na chini ya kilo 6.

Dukani, usipewe tu mtungi ukaondoka. Tazama geji: mshale uwe kwenye kijani. Tazama pini kama bado imefungwa na kile kiuzi cha plastiki, kwa sababu kikikatika maana yake kuna aliyeubana. Soma tarehe. Kama rangi imepakwa juu ya rangi, hata juu ya maandishi, achana nao. Na ukishautumia, hata kwa kubana mara moja kujaribu, upeleke ukajazwe. Unga ukipita kwenye vali unabaki pale, unaizuia isifunge vizuri, na mgandamizo unavuja taratibu usiku na mchana mpaka mshale unalala. Nina hakika hicho ndicho kilichoupata wangu. Mwanangu mkubwa alishawahi kuuchezea uani, nikauona unga kidogo sakafuni, nikafuta, nikaurudisha garini.

Kuna adui mwingine asiyeonekana kwenye geji, nao ni mtikisiko. Barabara zetu zinaushindilia unga chini ya mtungi hadi unakuwa kama simenti iliyopata unyevu, na hapo mshale unaweza kuwa kijani huku unga hautoki. Kila mwezi, siku ninayojaza upepo tairi, nautoa, naupindua kichwa chini na kusikiliza. Unga mzima unasikika ukiteremka kama mchanga. Usiposikia kitu, utikise. Ukikataa, upeleke kwa fundi wa mitungi. Mara moja kwa mwaka uende kwake hata kama huoni kasoro.

Nikisema pa kuuweka nitasema kwa ukali kidogo, maana hapa ndipo watu wengi tunapokosea. Buti si mahali pake. Buti inafunikwa na mizigo siku ile ile ya safari ndefu, siku unayouhitaji kuliko zote. Tena gari likigongwa nyuma huenda buti isifunguke kabisa. Uweke pale ambapo mkono wa dereva au wa jirani yake unafika bila mtu kuinuka: mbele ya kiti cha abiria, au chini yake kwa mbele. Lakini usiuache huru. Mtungi unaobingirika unaweza kuingia chini ya pedeli ya breki, na gari likigonga kitu, chuma kile kinaruka kama jiwe la kombeo. Ufunge kwa breketi yake, ambayo fundi yeyote anaweza kuikaza kwa skrubu mbili, usiwe wa kufunga kwa kamba za manila zinazohitaji kisu. Kuhusu jua, mitungi mingi imetengenezwa kuhimili hadi nyuzi 60, kwa hiyo sakafuni kivulini ni salama kuliko juu ya dashibodi au nyuma ya kioo.

Sasa moto wenyewe. Ukiona moshi au ukinusa plastiki inaungua, usiseme utafika mbele. Toka barabarani, zima injini, maana injini inayozunguka inaendelea kusukuma mafuta kuelekea moto. Vuta hendibreki. Na kabla hujashuka, vuta ile nyenzo ya boneti iliyo karibu na goti la dereva. Waya wake unapita hukohuko kwenye moto, ukiyeyuka huna tena namna ya kuifungua. Ukivuta, boneti inajitoa kidogo tu na kubaki imeshikwa na ndoano, na ule upenyo mdogo ndio mlango wako.

Usiinyanyue zaidi ya hapo. Moto uliofungiwa chini ya boneti una njaa ya hewa, na ukifungua yote unaulisha kwa mkupuo mmoja, mbele ya uso wako. Yule dereva alinieleza haya akiwa amekaa kwenye jiwe, anafuta majivu mikononi, na askari wa zimamoto niliyemfuata baadaye anifundishe alinirudilia vilevile. Mimina kupitia upenyo, au kupitia nyavu za mbele ya rejeta, au chini penye tairi. Simama upepo ukiwa mgongoni. Lenga chini, kwenye kinachowaka, si kwenye ndimi za moto, na upeleke mdomo wa mtungi kushoto na kulia. Ukizimika usiondoke haraka, kwa sababu chuma bado ni cha moto na unaweza kurudi. Usisimame mbele kabisa ya gari wala kando ya tairi. Tairi hupasuka, na vile vyuma vya gesi vinavyobeba boneti au mlango wa nyuma hufyatuka.

Lakini watu kwanza. Mtungi ni wa pili siku zote. Mama yangu ana goti bovu, kumshusha kulichukua muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka. Tangu siku ile, kabla ya safari ndefu tunakubaliana nani anamshusha nani. Loki za watoto bado nazitumia, wangali wadogo, ila mtu mzima wa pili garini anajua kwamba kazi yake ni kufungua milango ya nyuma kwa nje. Vilevile ninayo nyundo ndogo yenye ncha ya chuma karibu na usukani, kwa sababu shoti ikipiga, vioo vya umeme havishuki. Ukilazimika, piga kioo cha pembeni kwenye kona. Cha mbele usihangaike nacho, kina utando katikati, kinapasuka bila kuachia.

Na kuna moto ambao si wako. Kama umeshakula viti, kama unasikia petroli imemwagika chini, au kama umemaliza mtungi na bado unawaka, ondoka na uwaondoe watu, mbali, upande ambako upepo unatokea. Magari ya gesi yameongezeka sana Dar es Salaam, teksi na bajaji, na mtungi wake wa gesi huwa na mgandamizo wa bar 200 hivi. Kama moto haujaufikia na vali iko karibu, ifunge. Kama umeufikia, kimbia. Magari ya betri, yakiwemo ya haibridi tunayoyaagiza Japani, betri yake kubwa ikishika moto mtungi wako hauiwezi. Inahitaji maji mengi mno na huweza kuwaka upya hata baada ya saa kadhaa. Na tanki la mafuta likianguka, tafadhali, usilisogelee hata kama wenzako wanakinga kwa madumu. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha kwa moto wa lori la petroli lililopinduka. Hakuna mtungi wa kubeba mkononi ambao ungewasaidia.

Gari letu lilivutwa hadi Same. Fundi wa umeme pale alinionyesha chanzo kwa ncha ya bisibisi. Taa za nyongeza nilizofungiwa miezi michache kabla zilichukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, bila fyuzi, na waya ulipitishwa juu ya ukingo wa bati. Ukasuguana nao kila tulipopita shimo, mpaka ngozi yake ikaisha. Fyuzi moja, kitu cha bei ya maandazi, ingekata umeme palepale. Kwa hiyo ukifungiwa taa, alamu au redio kubwa, mwambie fundi akuonyeshe fyuzi kwa kidole. Mipira ya petroli iliyopasukapasuka na oili inayodondokea ekzosi nayo usiiache hadi mwisho wa mwezi. Na baada ya kuzima, osha ule unga kwenye injini mapema, kwani ukipata unyevu unakula vyuma na nyaya. Mimi niliuacha wiki mbili nikabadilisha vitu ambavyo moto haukuvigusa.

Yule dereva hakutaka hela. Aliomba tu nimsaidie gharama ya kuujaza mtungi wake, nikampa, akasema atapitia Tanga kuujaza kabla ya kurudi barabarani.

Mtungi wangu mpya uko mbele ya kiti cha abiria, geji imetazama juu. Mama akipanda, kabla hajafunga mkanda, hunyoosha mguu mzima akaugusa kwa kisigino, halafu ananiuliza mshale uko wapi.