Maswali ya Wasomaji: Umri wa Vimondo Hupimwaje?

Swali: Nimesoma kwamba mfumo wa jua una umri wa miaka milioni 4,567. Kukadiria miaka bilioni nne na nusu naweza kukuelewa, lakini hiyo 67 ya mwisho imetoka wapi? Na je, umri huo ni wa kimondo kizima au wa sehemu yake tu?

Jibu: Tuanze na sehemu ya pili ya swali lako, kwa kuwa ndiyo inayofafanua ya kwanza. Vimondo vya aina ya kondraiti havina umri mmoja, kwa sababu kila kimoja ni mkusanyiko wa chembe zilizoundwa nyakati mbalimbali, kisha zikashikamana. Chukua kimondo cha Allende, kilichoanguka katika jimbo la Chihuahua, Meksiko, tarehe 8 Februari 1969. Kikikatwa na kusuguliwa hadi king'ae, huonekana vipande vyeupe visivyo na umbo maalumu, baadhi vikifikia sentimita moja, vikiwa vimezungukwa na vidonge vya mviringo vya milimita moja hivi viitwavyo kondruli, na vyote vimeshikwa na unga wa kijivu uliokoza. Vile vyeupe, vyenye kalsiamu na alumini kwa wingi, viliganda kutokana na gesi yenye joto kali iliyolizunguka jua changa, na ndivyo vikongwe kuliko vyote vilivyoundwa ndani ya mfumo wa jua na kupimwa. Miaka milioni 4,567 ni umri wa vipande hivyo.

Umri huo husomwa katika metali ya risasi, inayotokana na urani, elementi yenye mionzi (namba kama 238 hutofautisha aina za atomi za elementi moja). Urani-238 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47 na kuishia kuwa risasi-206, ilhali urani-235 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka milioni 704 na kuishia kuwa risasi-207. Kwa kuwa moja huisha haraka kuliko nyingine, uwiano wa risasi hizo mbili zilizozaliwa humo hutegemea muda uliopita. Kwa njia hii mwanasayansi Clair Patterson wa Marekani alitangaza mwaka 1956 umri wa vimondo wa miaka bilioni 4.55, akiacha nafasi ya kukosea ya miaka milioni 70. Kilichomsumbua zaidi ni risasi ya kawaida iliyotapakaa katika vumbi na hewa, na si ajabu kwamba baadaye alikuwa mpinzani mkubwa wa petroli yenye risasi. Hadi leo sehemu ngumu ya kazi ni kuosha: kipande kilichosagwa huloweshwa katika asidi hafifu, kisha katika asidi kali zaidi, hatua kwa hatua, ili risasi ya kigeni itangulie kutoka.

Hata hivyo, hesabu yote ilisimama juu ya dhana kwamba kwa kila atomi moja ya urani-235 kuna atomi 137.88 za urani-238 kila mahali. Mwaka 2010 ilionekana kwamba vipande vya Allende vinatofautiana katika uwiano huo, kiasi cha kuweza kusogeza umri kwa miaka milioni 5. Baada ya urani nayo kupimwa katika kila kipande, mwaka 2012 ulipatikana umri wa miaka milioni 4,567.30, na shaka ya miaka 160,000 tu. Hapo ndipo ilipotoka 67 yako.

Iko pia saa ya pili, ambayo haitoi umri bali hutoa tofauti ya nyakati. Alumini-26 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 700,000 hivi na kugeuka magnesiamu-26, kwa hiyo ile ya mwanzo ilikwisha zamani. Mwaka 1976 ilithibitishwa kwamba, ndani ya kipande kimoja cha Allende, madini yenye alumini nyingi yana pia ziada kubwa ya magnesiamu-26, ishara kwamba alumini-26 iliwahi kuwamo. Vipande vyeupe vilianza na atomi 5 hivi za alumini-26 kwa kila atomi 100,000 za alumini ya kawaida. Kondruli iliyoanza na atomi moja tu kwa kila 100,000 iliundwa miaka milioni 1.7 hivi baadaye.

Saa hizi mbili hazikubaliani kikamilifu: risasi huonyesha kwamba baadhi ya kondruli ni rika moja na vipande vyeupe, wakati alumini huzichelewesha nyingi kwa takriban miaka milioni 2. Huenda alumini-26 haikusambaa sawasawa tangu mwanzo, na kwa maoni yangu mvutano huu una mafunzo zaidi kuliko tarakimu za desimali.

Swali: Kwa nini wasipime miamba ya dunia yenyewe?

Jibu: Kwa sababu dunia huyeyusha na kufinyanga upya miamba yake. Mwamba wa Acasta nchini Kanada una takriban miaka bilioni 4, na chembe za zirkoni (madini magumu sana) za Jack Hills, Australia, zinafikia bilioni 4.4. Hata hizo zilizaliwa zaidi ya miaka milioni 150 baada ya vipande vyeupe vya Allende.