Kuwasha helikopta ya pistoni: kwanza jua petroli iko wapi

Rubani wa ndege ya mabawa akija kujifunza helikopta, huwa namtahadharisha jambo moja kabla hajagusa stata: hapa hakuna propela. Kwenye ndege yake propela imefungwa moja kwa moja kwenye injini. Injini ikiwaka ghafla, lile panga zito linaizuia isikimbie. Kwenye Robinson R22 au R44, Schweizer 300 au Enstrom, injini inawashwa ikiwa peke yake. Mikanda inayoiunganisha na rota imelegea, na kitu pekee cha maana inachozungusha ni feni ya kupoza. Ukiiwasha resi ikiwa wazi, itapiga kelele na kupita mzunguko wake wa mwisho kabla hujajua masikio yako yamesikia nini.

Kwa hiyo mkono wangu wa kushoto haubanduki kwenye resi tangu stata inapoanza kuzunguka. Kolektivu, wenzo wa kuinulia helikopta ambao resi iko kwenye mpini wake, iko chini kabisa na imekazwa, maana ukiiinua kidogo tu nayo inafungua resi kwa njia yake yenyewe. Mambo mengine yako kwenye orodha ya ukaguzi, na orodha hiyo sibishani nayo. Ninachotaka kuongeza ni swali ambalo orodha haiulizi: petroli iko wapi sasa hivi, na iko katika hali gani?

Petroli ya majimaji haiwaki ndani ya silinda. Kinachowaka ni mvuke wake. Asubuhi ya baridi kali petroli inafika, lakini inabaki matone, inajipaka kwenye kuta za paipu na kukaa. Mchana injini ikiwa ya moto mambo yanageuka: mvuke ni mwingi mno, tena unaweza kuwa mahali usipotakiwa. Karibu kila injini iliyokataa kuwaka mikononi mwangu, ilikataa kwa sababu mojawapo kati ya hizo mbili, nami nikawa natibu ugonjwa usio wenyewe.

Tuanze na baridi. Kwenye injini ya kabureta kama ya R22, unazungusha resi mara chache na pampu ndogo ndani ya kabureta inarusha petroli. Watu wengi wanazungusha, kisha wanakaa kurekebisha mkanda wa kiti, wanatafuta miwani, halafu ndio wanapiga stata. Kabureta iko chini ya injini. Petroli uliyoirusha haina hewa ya kuibeba juu, hivyo inateremka na kudondoka. Hapo umeshapoteza mafuta, na vilevile umetandika kuni za moto usiouhitaji. Mimi hufanya mambo yote kwanza, nazungusha resi, nafunga, na stata inafuata papo hapo.

Asubuhi moja nikiwa bado mwanafunzi, nje kukiwa na theluji iliyoganda kama chumvi ya mawe, injini ilikohoa mara mbili ikafa. Nikajaribu tena, kimya. Mara ya tatu, stata inazunguka vizuri, petroli inanuka, hakuna hata cheche ya matumaini. Nikataka kuongeza mafuta. Mwalimu akanishika kiwiko, akamwita fundi, plagi ikafunguliwa. Kwenye ncha, pale cheche inaporuka, palikuwa na utando mweupe mwembamba kama ukungu wa kioo. Barafu. Petroli ikiungua inatoa maji, na vile vikohozi viwili vilitosha kutengeneza unyevu lakini havikutosha kuupasha. Ukaganda kwenye plagi, na kuanzia hapo hata ningemimina pipa zima isingewaka. Dawa ilikuwa joto tu. Hewa moto ilipulizwa ndani ya injini karibu nusu saa, na ikawaka kwa jaribio la kwanza.

Tangu siku ile siwashi kwa kubahatisha. Kampuni ya Lycoming, ambayo injini zake ndizo ziko kwenye sehemu kubwa ya helikopta hizi, inataka injini nyingi zipashwe kabla ya kuwashwa baridi ikishuka chini ya nyuzi 12 chini ya sifuri. Mimi napasha mapema zaidi ya hapo, na sioni aibu. Ila kupasha kwenyewe kunafanywa vibaya mara nyingi: watu wanapuliza silinda mpaka mshale wa joto unapanda, wanaridhika, huku oili chini ya injini na kwenye kipoza oili bado ni nzito kama asali. Itawaka, ndiyo. Halafu vyuma vitasagana bila mafuta. Elekeza joto chini kwanza, funika injini kwa blanketi, na uwe na subira. Gusa chombo cha oili kwa mkono. Kikiwa cha uvuguvugu, endelea.

Ikishawaka, jicho langu liko kwenye geji moja tu, presha ya oili. Kwenye Robinson inatakiwa ifike angalau psi 25 ndani ya sekunde 30. Isipofika, zima, na usijipe sekunde tano za ziada kwa huruma. Na usiiendeshe kwa mzunguko mkubwa eti ipate joto haraka.

Kuna hatari nyingine ya baridi ambayo watu wanaisahau kwa sababu injini tayari inanguruma. Ni klachi. Ukiifunga, mikanda inakaza taratibu na mapanga yaanze kuzunguka ndani ya sekunde 5. Yasipoanza, fungua klachi, zima injini, ukaangalie jinsi mikanda ilivyolegea. Na kama umeegesha juu ya barafu, angalia chombo chenyewe. Rota ikianza kuzunguka upande mmoja, mwili unavutwa upande wa pili, na huku chini vyuma vimekalia kioo. Nimeona R44 ikigeuka taratibu kiasi cha upana wa kiganja, rubani akiwa ameinama anaangalia taa ya klachi. Kabla ya yote hayo, umande ulioganda kwenye mapanga uwe umefutwa wote, mapanga yote, hata kama mikono imekufa ganzi.

Sasa joto, ambako ndiko nilikoumbuka.

Injini ya kabureta ikiwa ya moto haina matatizo makubwa. Usiipe mafuta ya kuanzia, piga stata, mara nyingi inawaka kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Mtihani ni ile inayopuliziwa mafuta kwenye mlango wa hewa wa kila silinda, kama ya R44 Raven II. Juu ya injini kuna kigawanyio kinachotoa vijipaipu vyembamba kwenda kila silinda. Injini ikizunguka, feni inavipoza. Ukizima, feni inasimama lakini chuma bado kina joto lote, nalo linapanda juu. Petroli ndani ya vijipaipu inachemka. Nyingine inasukumwa na kudondokea kwenye silinda, na nyuma yake panabaki mapovu. Ukirudi baada ya dakika ishirini au arobaini, silinda zina petroli kupita kiasi na paipu hazina kitu. Ndiyo maana inawaka sekunde mbili halafu inazimika, na rubani anaapa kwamba pampu imekufa.

Siku yangu ilikuwa hivyo hivyo. Abiria wawili wameshafunga mikanda, nilikuwa nimezima kwa muda wa kujaza mafuta tu, na mazoea ya asubuhi yakanishika: nikawasha pampu nikaipa injini petroli ya kuanzia kana kwamba ililala nje. Ikalewa, yaani petroli ikazidi hewa. Nikazungusha stata, hakuna kitu. Nikakumbuka kwamba iliyolewa mafuta inawashwa resi ikiwa wazi ili hewa ikaushe silinda, nikafungua resi. Nikafungua sana. Ikashika. Ile sauti bado naisikia, ilipanda kama msumeno uliokosa mbao. Nilifunga resi, lakini nilichelewa, nikazima kabisa. Abiria walishuka, fundi akaja na tochi, na safari ikaishia hapo. Injini ikipita mzunguko wake kuna ukaguzi wa kufanywa kulingana na ilipita kiasi gani na kwa muda gani, na mtu wa kuamua hilo ni fundi. Rubani aliyechelewa na ratiba hana kura.

Tangu hapo, injini ya moto ya aina hii siipi petroli kabla. Nobu ya mchanganyiko, ile inayopima petroli ya kuchanganyika na hewa, imefungwa, resi imefungwa au imefunguliwa unywele tu kadiri mwongozo wa chombo husika unavyosema, napiga stata. Petroli iliyodondokea silinda inatosha kushika moto. Ikishika, nasukuma mchanganyiko mbele, kwa utulivu. Ikizimika ndani ya sekunde mbili, najua sasa ni mapovu, na hapo ndipo pampu inapata kazi, kwa muda mfupi. Ikiwa kweli imelewa, nafungua resi kidogo kuliko ninavyotamani, mchanganyiko ukiwa umefungwa, na kidole gumba kimeshajiandaa kuirudisha kabla injini haijasema lolote.

Moto ukitokea kwenye njia ya hewa wakati wa kuwasha, mwili utataka uache stata ukimbie. Usiache. Endelea kuzungusha, injini inaunyonya moto ndani. Isipowaka, funga mafuta, zima betri, toka.

Na stata yenyewe ihurumie. Sekunde 10 za kuzungusha, kisha 20 za kupumzika, ndicho kipimo changu. Zile 20 ni ndefu sana ukiwa na abiria wanaokutazama. Huwa nazitumia kujiuliza tena lile swali la petroli. Betri iliyolala kwenye baridi haina majaribio mengi, ya tatu mara nyingi ndiyo ya mwisho, kwa hiyo afadhali jaribio la pili liwe limefikiriwa.

Nikiegesha mchana wa joto naelekeza pua kwenye upepo, na mapanga yakishasimama nafungua vifuniko vya ubavuni mwa injini joto lipate pa kutokea. Halafu naandika saa niliyozima kwenye kipande cha utepe kilichobandikwa juu ya nobu ya mchanganyiko. Nikirudi, mkono ukienda kwenye nobu unakutana na ile saa kwanza.