Maswali ya Wasomaji: Zambarau Ndani ya Kikombe cha Kahawa

SWALI: Assalamu alaikum, Mhariri. Binti yangu aliniletea kutoka Nairobi pakiti ya kahawa ya Nyeri iliyoandikwa kwamba ina ladha ya matunda meusi, balungi na sukari guru. Niliipika kwenye dele kama tunavyopika kahawa tungu, kwa tangawizi na iliki, wala sikuonja tunda lolote. Je, maandishi hayo ni ya kuvutia wateja tu, au kuna dawa ya ladha waliyoitia? (Mama wa Langoni, Lamu)

JIBU: Wa alaikumu salaam, mama. Hukudanganywa, na kahawa ya namna hiyo haitiwi kitu. Zipo kahawa zinazotiwa mafuta ya harufu, kama ya vanila, baada ya kukaangwa, lakini kwa kawaida hilo huandikwa wazi miongoni mwa viambato. Maneno uliyoyasoma ni ya muonjaji, anayejaribu kukueleza kile ambacho pua na ulimi wake vilikutana nacho.

Tusisahau kwamba kahawa yenyewe ni tunda. Buni tunayoikaanga ni mbegu ya tunda jekundu lenye ute mtamu, na ndani ya mbegu hiyo mna sukari pamoja na asidi zilezile tunazozijua kwenye matunda mengine: ya sitriki, ambayo ndiyo ukali wa ndimu, na ya maliki, ambayo ndiyo ukali wa tufaha. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua, mahali penye baridi na urefu wa mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, tunda huiva polepole na mbegu hupata muda wa kujaa. Mibuni ya huko nayo ina nasaba yake, kwani aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa na maabara ya Scott, kituo cha utafiti wa kilimo nchini Kenya, katika miaka ya 1930, ndizo hasa zilizoipa kahawa ya Kenya sifa ya uchachu mkali ulio safi. Tunda likishachumwa humenywa, mbegu huachwa na ute wake ichachuke mpaka ute uachie, kisha huoshwa kwa maji mengi na kuanikwa juu ya vitanda vya waya. Uoshaji huo ndio unaoifanya ladha itoke wazi bila kufunikwa na kitu kingine.

Sasa, kwa nini hukuionja? Kwanza, tangawizi na iliki ni wakubwa wa nyumba. Wakiwapo, mgeni mwenye sauti ndogo hasikiki. Pili, kahawa yetu ya dele huchemka muda mrefu juu ya mkaa, na harufu za matunda ni nyepesi, huondoka na mvuke kabla hujamimina kwenye kifinjani, huku uchungu ukizidi kutoka kwenye unga. Siidharau kahawa tungu, ambayo nimeinywa barazani tangu utotoni na bado naitaka kila jioni pamoja na tende. Lakini kahawa tungu hutengenezwa kwa buni zilizokaangwa hadi zikaiva sana, na uzuri wake uko katika uchungu wenyewe. Pakiti ya binti yako ilikaangwa kwa kazi nyingine.

Jaribu hivi. Chukua gramu 15, kama vijiko vitatu vya chakula visivyojaa sana, zilizosagwa kwa ukubwa wa mchanga wa kawaida. Chemsha maji, yaepue, subiri nusu dakika, kisha mimina mililita 250 polepole juu ya unga uliowekwa kwenye chujio la karatasi au la kitambaa safi. Usitie sukari wala kiungo. Usiinywe ikiwa moto wa kuunguza, kwa sababu tunda hujitokeza zaidi kahawa inapokuwa vuguvugu. Kabla ya funda la kwanza, ziba pua kwa vidole viwili, piga funda, likae mdomoni, umeze, kisha uachie pua. Pua ikiwa imezibwa utasikia uchachu na uchungu tu; ukiiachia, harufu hupanda kutoka nyuma ya koo na ndipo tunda linapotokea. Nilipomfanyia hivyo jirani yangu mmoja, alinyamaza kidogo, akainusa kahawa tena, akasema, “Zambarau.”

Jibu lake lilinifurahisha kuliko lolote lililoandikwa kwenye pakiti. Tunda jeusi wanalolitaja waonjaji wa Ulaya kwenye kahawa ya Nyeri ni la kichaka cha nchi za baridi, ambalo wengi wetu hatujawahi kulitia mdomoni. Zambarau iliyoiva, yenye utamu, uchachu na ule ukakasi unaobaki ulimini, ipo karibu nalo. Tuna pia ukwaju, bungo, forosadi, kunazi na ubuyu. Muonjaji wa Lamu asione haya kuyataja, maana ladha hutambuliwa kwa kumbukumbu, na kumbukumbu zetu ziko kwenye matunda haya.

Neno moja kuhusu maji. Visima vyetu vingi vina maji magumu yenye munyu, na madini yake huzima asidi, hivyo kahawa ya matunda ikipikwa kwa maji hayo hupoa ladha ikawa kama udongo. Tumia maji ya chupa, au ya mvua yaliyochanganywa na kiasi kidogo cha ya kisima.

SWALI: Kwenye pakiti ya kahawa ya Ethiopia nimeona neno “mvinyo”. Je, ndani mna ulevi? (Msomaji, Lamu)

JIBU: Hakuna mvinyo uliotiwa. Kahawa hiyo, tofauti na ya Nyeri, huanikwa juani na tunda lake zima kwa wiki kadhaa, na katika muda huo sukari ya ute huchachuka kuizunguka mbegu, ndipo hupatikana harufu nzito ya tunda lililoiva kupita kiasi. Ganda lote huondolewa, na mbegu hukaangwa kwenye moto unaofika nyuzi 200 na zaidi. Mwandishi wa pakiti alikuwa akifananisha harufu. Ikiwa moyo bado una shaka, muulize sheikh wako, kwani mimi ni mtu wa kahawa tu.

SWALI: Natengeneza kahawa katika mkahawa mmoja hapa Malindi. Wateja wetu wengi ni Waitaliano waliozoea espreso nyeusi, ile kahawa nzito ya mashine. Mwenye mkahawa ameleta buni za Kirinyaga zilizokaangwa kidogo, na kila nikitoa kikombe wateja hukunja uso wakisema ni ndimu tupu. Kosa ni langu au la kahawa? (Kijana wa Barani, Malindi)

JIBU: Kaka, wewe wa Malindi unajua tofauti ya embe bichi na embe bivu. Yote mawili yana uchachu, lakini la pili lina utamu wa kuubeba. Kikombe chako kimebaki kwenye embe bichi.

Maji yanapopita kwenye unga, asidi hutoka mapema, utamu hufuata, na uchungu huja mwishoni. Yakipita haraka huchukua uchachu na kuuacha utamu nyuma. Buni zilizokaangwa kidogo ni ngumu na haziachii ladha yake kwa urahisi, kwa hiyo vipimo ulivyozoea kwa buni nyeusi, zilizokaangwa sana, havitoshi. Tuseme unatia gramu 18 za unga na kutoa gramu 36 za kahawa kikombeni kwa sekunde 25. Saga laini zaidi hadi ufike sekunde 30, pandisha joto la maji hadi nyuzi 94 au 95, kisha toa gramu 42 hadi 45. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Angalia pia tarehe ya kukaangwa: buni za namna hii zikitumiwa mapema hujaa gesi inayozuia maji kupita sawasawa, nami huzipumzisha siku 10 hadi 14.

Hata ukifaulu, mzee aliyekunywa espreso nyeusi maisha yake yote huenda asiipende, na ana haki hiyo. Mshauri mwenye mkahawa aweke buni za aina mbili, na mteja aulizwe kabla ya kuhudumiwa. Ya Kirinyaga itolewe na glasi ya maji, wala isipelekwe mezani mpaka wewe mwenyewe uwe umeonja kikombe cha kwanza cha asubuhi hiyo.