Kabla ya kuitaja Hague: kwa mnaoanza kazi ya kukusanya ushahidi

Mama mmoja wa Kisumu alinitolea shati la mwanawe kutoka kwenye sanduku la mabati. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi na kukunjwa vizuri. Mgongoni palikuwa na tundu, upana wake kama ncha ya kidole cha mwisho. “Sikuweza kuliacha na damu, mwanangu,” aliniambia. Kijana wake alipigwa risasi Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, na hadi siku ile hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba nguo ile ni ushahidi.

Nyinyi mlioingia kazi hii baada ya maandamano ya Juni 2024 hapa Kenya mnaniuliza karibu kila wiki: tutaifikishaje kesi Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC)? Kuandika barua si kazi. Kenya iliridhia Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama hiyo, mwaka 2005, na Kifungu cha 15 kinampa mtu yeyote nafasi ya kupeleka habari kwa kiongozi wa mashtaka wa ICC. Kazi iko kwenye kile mtakachotia ndani ya bahasha.

Wingi wa maiti hautoshi. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, 405 kati yao kwa risasi. Hata hivyo, majaji wa ICC waliporuhusu uchunguzi tarehe 31 Machi 2010, walikuwa wawili dhidi ya mmoja. Jaji Hans-Peter Kaul alikataa kwa sababu hakuona sera ya dola wala ya kundi lililojipanga nyuma ya mauaji. Someni maoni yake kwanza, kabla ya yale ya wenzake. Ndiyo yaliyonifundisha kuuliza maswali niliyokuwa nayaruka: magari yalitoka upande gani, nani alitoa amri na kwa maneno yapi, silaha zilifika lini, na je, mtaa wa pili ulishambuliwa vivyo hivyo siku ileile?

Kisha bisheni kila mlango wa nyumbani, hata ule mnaojua hautafunguliwa. ICC huingia pale dola inaposhindwa au isipotaka kushtaki, na jambo hilo huthibitishwa kwa karatasi. Nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Ripoti ya upasuaji wa maiti. Nakala ya barua kwa IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, yenye muhuri wa kupokelewa. Barua iliyokaa miaka miwili bila jibu ina uzito wake, mradi muwe na nakala.

Na rekodini wa pande zote. Nchi yetu iligawanyika kwa kabila na kwa chama, nasi wakusanyaji tuligawanyika pamoja nayo. Kuna waliochomewa kanisani Kiambaa tarehe 1 Januari 2008, kuna waliouawa Naivasha mwishoni mwa mwezi huo, kuna waliopigwa risasi Kisumu. Anayeandika machozi ya kwao tu anaandika malalamiko ya kundi, na wakili wa upande wa pili atayararua asubuhi moja.

Linaloniuma zaidi ni mashahidi. Watu sita walitajwa na kiongozi wa mashtaka wa ICC kuwa washukiwa Desemba 2010, wanne wakathibitishiwa mashtaka Januari 2012, na kufikia tarehe 5 Aprili 2016 kesi zao zote zilikuwa zimekwisha bila mtu kupatikana na hatia. Siku hiyo Jaji Chile Eboe-Osuji aliandika wazi kuhusu mashahidi kuingiliwa na wanasiasa kuushinikiza mchakato. Sisi wakusanyaji pia tulichangia. Niliwahi kumhoji mwanamke kwa saa tatu, kisha nikagundua mashirika matatu yalikuwa yamemhoji kabla yangu. Katika maelezo yake manne, washambuliaji walifika saa nne, saa tano, “karibu adhuhuri”. Hakusema uongo. Tulimchosha kwa kumrudisha pale pale, na kila mmoja akaandika kwa maneno yake. Ya mwisho yalikuwa yangu.

Kwa hiyo ulizeni kwanza: nani ameshazungumza nawe? Kama yupo, chukueni muhtasari tu na njia salama ya kumpata, wachunguzi watamhoji kwa kina. Mwongozo ambao ofisi ya kiongozi wa mashtaka wa ICC na Eurojust, shirika la Umoja wa Ulaya la ushirikiano wa kisheria, walitoa mwaka 2022 unasema hivyohivyo. Jina likae mbali na maelezo. Nauli mkiitoa, iandikeni. Wala msimwahidi mtu kesi, kwa maana aliyepewa ahadi ataingoja.

Karatasi hizo zina kazi hapa nyumbani pia. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru manusura wanne wa ubakaji wa wakati wa ghasia zile za uchaguzi walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2013. Miaka saba, lakini walisikilizwa.

Lile shati sikuondoka nalo. Tulilitandaza mezani, nikalipiga picha mbele na nyuma, rula kando ya tundu. Nikamweleza kwamba mfuko wa plastiki hushika unyevu, tukalitia kwenye bahasha kubwa ya kaki. Nje niliandika tarehe na kwamba limeshafuliwa, yeye akatia sahihi polepole, nami nikatia yangu chini yake. Kisha akalirudisha sandukuni, akafunga kufuli.