Dakika 20 kwa kila bendi? Niwasimulie ya kwetu, barabara ya Kasenga

Ndugu uliyeuliza, mpango wako nimeusoma mara mbili. Unataka tamasha la siku moja kijijini kwenu, upande wa Likasi: bendi 15 za karindula za huko huko, kila moja dakika 20, jukwaa la kukodi kutoka mjini, uzio wa matete, kiingilio dola 5, na usiku kufunga na nyota mmoja kutoka Kinshasa "ili watu waje". Bajeti dola 4,000, na swali lako ni kama zinatosha. Za kutosha au kutotosha tutazifikia. Kilichonishtua mimi ni zile dakika 20.

Nakaa Katuba, hapa Lubumbashi, kazi yangu ualimu. Tamasha letu tumelifanya mara tatu kijijini kwa mjomba wangu, kilomita 60 hivi ukishika barabara ya Kasenga. Halina jina wala bango. Watu wanaliita "karindula ya kwa mjomba" basi. Mfadhili hatuna, tuko watu watano na mifuko yetu, na mifuko ya wanaokuja kucheza. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyekosea kwa hela zake mwenyewe.

Kwa walioko Dar au Mombasa wasioijua karindula: chukua pipa la mafuta, mdomo wake uufunike ngozi ya mbuzi, uchomeke shingo ndefu ya mti, ukaze nyuzi nne. Ni kama banjo iliyopitiliza kukua, hukai ukaipakata kama gitaa. Pembeni kuna banjo ndogo, vya kugonga, waimbaji, na wachezaji ambao hawana mifupa. Hapa mjini utaikuta Katuba na Kenya (Kenya ya kwetu, ile komini, yaani sehemu ya mji, si nchi), kwenye vilio, yaani misiba, na sherehe za mtaa. Ng'ambo ya Luapula, Zambia, nako kuna muziki unaoitwa kalindula, na watu wa Kasenga wanaovuka mto watakwambia ni ukoo mmoja. Watu wenye heshima zao wanaona karindula ni mambo ya walevi wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, ilipotoa rekodi ya bendi za karindula za Lubumbashi mwaka 2011, wengi wa hapa hatukujua, na tuliojua tulicheka kwamba Wazungu wamelipia kitu tunachokisikia bure kila kilio.

Sasa mwaka wa kwanza. Tulifanya karibu kila kitu ulichokiandika wewe. Jukwaa la mbao, taa za rangi, sono (vyombo vya sauti) kutoka mjini na fundi wake, grupu la umeme, yaani jenereta. Bendi 8, kila moja nusu saa, ratiba imeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa kwenye mwembe. Kodi ya sono na grupu peke yake ilikula dola 350.

Bendi ya kwanza ikapanda. Fundi akaweka mikrofoni mbele ya pipa, na spika zikaanza kupiga ukelele ule wa kutoboa masikio. Akapunguza sauti, ikawa hakuna anayesikia. Akapandisha, ukelele ukarudi. Pipa lenye ngozi ni spika tayari, ndugu yangu. Kila sauti inayotoka kwenye spika za jukwaani inagonga ile ngozi, ngozi inatetemeka, mikrofoni inaokota ule mtetemo na kuurudisha kwenye spika, mnazunguka hapo mpaka asubuhi. Fundi alikuwa amezoea kwaya na vinanda, hakujua afanye nini, na sisi tulikuwa hatujui zaidi yake.

Mzee mmoja wa bendi ya pili aliangalia ile vita kwa muda, halafu hakupanda kabisa. Alibeba karindula yake na mjukuu wake, wakaenda kuiweka chini, nyuma ya kichuguu. Mnavijua vichuguu vya Katanga, virefu kuliko nyumba. Akakaa, akaanza kupiga polepole. Watu wakamfuata wawili wawili, kisha wote. Nikabaki na fundi, jukwaa tupu, na taa za rangi zikiwaka na kuzima juu ya mbao.

Baada ya nusu saa nikamwendea, karatasi ya ratiba mkononi (naona aibu kuiandika hii), nikamwambia, "Baba, muda wenu umeisha, kuna bendi nyingine." Hakuacha kupiga. Akanijibu, "Mutoto wangu, karindula haina saa. Inaanza mupole, kisha inapanda. Sasa njo inaanza kupanda." Wimbo ule ule mmoja alikuwa ameuanza alipokaa. Uliendelea robo saa nyingine, na ni hapo ndipo wachezaji waliingia katikati na akina mama wakaanza kutoa hela.

Ndiyo maana nasema dakika 20 zako hazifai. Nusu ya kwanza ya wimbo wa karindula ni kutafutana: mwimbaji anatupa neno, watu wanalipokea au hawalipokei, anajaribu jingine. Anasimulia kifo cha fulani, ubahili wa mwajiri fulani, mwanamke aliyekwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakurudi. Wasikilizaji wakishakubali ndipo mwendo unabadilika. Ukiikata dakika ya 20 umewapa watu maji ya kunawa halafu ukaondoa bukari (ugali). Bendi 15 zako zifanye 6 kwa siku mbili, kila moja saa moja na zaidi, na uwe tayari moja izidishe.

Na hela iko hapo hapo. Mwaka wa kwanza tuliweka kiingilio, franga chache tu, na kamba kuzunguka uwanja. Mama mmoja muuza munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akasimama kwenye kamba: "Nilipe juu ya kuingia mu kiwanja yetu?" Sikuwa na jibu. Watoto walipita chini ya kamba, vijana juu yake, na waliolipa ni wageni wa mjini 40 hivi, ambao wangetoa zaidi ya hapo wakiwa ndani. Maana unajua mtu wetu akifurahi: anainuka, anamwendea mwimbaji, anambandika noti kwenye paji la uso lenye jasho, na mwimbaji analiingiza jina lake kwenye wimbo. Wengine wanaleta jina la mkwe, la shemeji, la marehemu. Watu wa Kinshasa wanaliita libanga, na wanamuziki wakubwa wanalipwa kwa hilo hadi studio. Kijijini ni noti za franga 500 na 1,000, lakini zinaingia usiku kucha. Kiingilio kinamlipisha mtu kabla hajafurahi.

Kwa hiyo mwaka wa pili tulitoa kamba. Tuzo zote, yaani zile noti za kwenye paji la uso, ni za bendi, sisi waandaaji hatugusi hata franga. Juu ya tuzo kila bendi inapewa dola 60, chakula, na usafiri. Hizo dola 60 tunazitoa kabla ya kupiga, mbele ya wanabendi wote, zikihesabiwa kwa sauti. Mwaka wa kwanza nilimpa kiongozi wa bendi moja bahasha jioni, kimya kimya, kama watu wa mjini. Jumatatu walikuwa wamepigana, banjo moja imevunjwa, na lawama zikanifuata mpaka shuleni.

Zinazotusaidia sisi ni meza. Kila mwenye meza ya michopo (nyama choma) au bia anatoa franga 10,000 kwa siku mbili. Muuza munkoyo hatoi kitu. Yule mama ni hakimu wangu tangu siku ile.

Nyota wa Kinshasa? Mwaka wa pili rafiki yetu mmoja alitushawishi kumleta mwimbaji, si wa Kinshasa, wa mjini hapa tu, ambaye simtaji. Alifika saa 4 usiku na flashi mfukoni, akaimba juu ya sauti yake mwenyewe dakika 25, akaondoka na karibu nusu ya hela zetu zote. Wageni wake wakaondoka naye. Bendi iliyofuata, iliyotembea na ala zake tangu alfajiri, ilipigia mbwa na sisi watano. Nikikuona unafanya hilo nitajua hukunisoma.

Mtu mwingine humu amesema bila spika watu wa nyuma hawatasikia. Ni kweli ukiwa na watu 2,000. Sisi hatujawahi kuzidi 600, nikihesabu na watoto waliolala migongoni. Kwa idadi hiyo duara linatosha: bendi katikati, waliokaa chini mbele, waliosimama nyuma, na mgongo wa bendi uelekee kichuguu au ukuta wa tofali urudishe sauti. Mwaka wa tatu tulibaki na mikrofoni moja ya mwimbaji na spika mbili ndogo, na hizo spika ziko mbele ya bendi zikiangalia watu, mbali na ngozi. Grupu lilifichwa nyuma ya kichuguu cha pili, waya wa mita 50. Sauti ikawa nzuri kuliko ya dola 350. Hugh Tracey, yule mrekodi wa muziki wa Afrika, alipomrekodi mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo ndiyo Likasi yenu ya leo, kulikuwa na gitaa moja na mtu mmoja, na mpaka leo watu wanavunja vidole wakijaribu kumwiga. Wewe unatoka huko huko unaniambia habari za jukwaa la kukodi!

Mambo madogo, haraka haraka. Tarehe: kiangazi, Julai au mwanzo wa Agosti, mahindi yameshauzwa, na lazima mwezi uwe mpevu. Mbalamwezi inaokoa mafuta ya grupu na inawarudisha watu nyumbani salama. Ila Julai usiku huku juu baridi inauma, umande unashuka, na ngozi ya mbuzi inalegea, karindula inaanza kuongea kama mtu mwenye mafua. Kwa hiyo moto. Si moto wa kuota tu, moto wa kukaushia ngozi, na mtu maalumu wa kuutunza, ambaye si mlevi. Ratiba yetu siku hizi haina saa, ina moto: bendi inayofuata ndiyo inayopasha ngozi, na ngozi ikiwa tayari wanaingia.

Usafiri: lori la makala (mkaa) linaingia Lubumbashi limejaa na linarudi porini tupu. Zungumza na dereva Ijumaa asubuhi. Bendi tatu, mapipa yao, sufuria za mapishi na matofali ya jukwaa ambalo huhitaji, vyote vinapanda kwa hela ya kreti chache za bia ya Simba. Mtafika weusi, lakini mtafika.

Ruhusa: anza na sultani wa kijiji, usianze na ofisi. Nenda na mtu wa ukoo, mkae chini, mumpigie makofi ya heshima kama inavyopaswa, kuku mkononi, na usiseme "tamasha". Sema unataka kuleta ngoma, uombe akupangie siku. Sisi siku ilisogezwa wiki mbili kwa sababu ya kilio, na tukashukuru. Baada ya hapo barua kwa utawala na polisi, na nakala zake uzitunze zote. Kuna ofisi moja ilitudai karatasi ambayo hakuna ofisi nyingine iliyoijua; sultani alipotuma mtu kuuliza ni karatasi gani, haikudaiwa tena.

Wachungaji walikuwa wakali kuliko ofisi. Mmoja alihubiri Jumapili nzima juu ya lutuku na mapaja. Mwaka wa pili tukazipa kwaya Jumapili asubuhi, duara lile lile, na bendi zote zinatakiwa kuwepo na kukaa. Yule mchungaji alikuja na kwaya mbili. Mahubiri yake ya lutuku bado anayatoa, na sina ubishi naye, kwa sababu mwaka wa tatu kijana mmoja tulimbeba.

Hesabu yetu ya mwisho, ili ulinganishe: bendi 6, dola 360, chakula cha watu wa bendi siku mbili, 240, malori na mafuta, 150, spika ndogo na grupu, 90, vyoo vya shimo na maji, 70, sultani, barua na mengineyo, 60. Jumla dola 970. Meza zilirudisha kama 200, tukachangia iliyobaki. Kwa hiyo 4,000 zako zinatosha miaka minne, ukizitoa kwa bendi badala ya mbao.

Ambacho sijakiweza ni vijana. Pale kijijini kuna kundi la watoto wa miaka 17, 18, wanatengeneza midundo kwenye simu na kurap kwa Kiswahili na Kibemba, na wamechoka kusikia habari za ngozi na moto. Wanataka jukwaa, wanataka taa, wanataka zile spika kubwa za mwaka wa kwanza. Nikawaambia habari ya ukelele. Wakanijibu, "Yaya (yaani mkubwa wetu), simu haina ngozi." Nikakosa la kusema tena, mara ya pili katika kiwanja kile kile. Mwaka huu wamepewa Ijumaa usiku, kabla wazee hawajafika. Grupu watalibeba wenyewe.