Muulize Mwalimu: Ndege wa dirishani na ndege wa kitabuni

Mwezi uliopita niliandika, kwa kupitia tu, kwamba kitabu cha kwanza ambacho ningemnunulia mtoto ni cha ndege au cha wanyama. Wasomaji wameniletea maswali mengi juu ya sentensi hiyo moja. Nimefundisha madarasa ya chini hapa Eastlands kwa miaka 31, basi nitajibu kwa yale niliyoyaona.

*Mwalimu, kijana wangu yuko Gredi ya 2. Nikimletea kitabu anaangalia picha za wanyama, anakifunga. Kusoma hataki. Nikimuuliza hadithi imemfunza nini, ananyamaza. Nifanyeje? – Mzazi, Umoja*

Mama, mtoto anayekaa na picha ya mnyama muda mrefu ameshaanza kusoma. Usimharakishe atoke hapo.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la pili ambaye herufi zilimshinda kabisa. Siku moja wakati wa mapumziko alitoka nje na andazi, hata hajalitia jino, mwewe akashuka kutoka juu ya paa la mabati akalibeba. Kila aliyesoma shule ya Nairobi anawajua mwewe hawa. Hakumkwaruza hata kidogo. Mtoto alibaki ameinua mkono vilevile, vidole vimeshika hewa, machozi yanamtoka. Nikamwingiza darasani, nikamkatia nusu ya andazi langu, nikatoa kabatini kitabu cha ndege ambacho jalada lake lilishikiliwa kwa selotepu, nikamfungulia ukurasa wa mwewe. Akanyamaza. Akaweka kidole juu ya mkia. "Mwalimu, huu umepasuka."

Haukuwa umepasuka. Mkia wa mwewe una panda, naye huupinda huku na huku kama usukani anapotaka kugeuka hewani. Chini ya picha palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: MWEWE. Akalisoma. Alikuwa na haja nalo, kwa kuwa huyo ndiye aliyemwibia. Juma hilo lote alinijia mezani kabla ya kengele kuuliza kitabu kinasema nini kingine: mwewe analala wapi, anataga mayai mangapi, kuna kitu anachokiogopa?

Kwa hiyo anza na ndege wa Umoja. Alfajiri, kabla ya matatu kuanza honi, kwarara hupita juu ya nyumba akipayuka. Watoto wengi wa Nairobi wanaijua sauti yake lakini jina lake hawalijui. Ukimwona kwa mbali ni wa kijivu, kama aliyevaa gunia. Subiri atue kwenye majani aanze kuchokoa wadudu kwa mdomo wake mrefu uliopinda, jua limpige begani: bawa linang'aa kijani lenye zambarau ndani yake, kama mafuta ya gari juu ya maji ya barabarani. Mwambie kijana amchore wa kijivu kwanza, kisha amwone akiwa kwenye jua, kisha mfungue kitabu pamoja. Kalamu ya kijani ataitafuta mwenyewe. Mkipita Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, muonyeshe wale korongo wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, wanaosimama juu ya migunga kama wazee barazani.

Na hilo swali la "hadithi imekufunza nini", nakuomba uliache. Nami nililiuliza miaka mingi, maana ndivyo vitabu vya kiada vilivyotuzoesha: hadithi inaisha, chini yake maswali matano, na la tano ni funzo. Mtoto akishajua kwamba nyuma ya kila sungura kuna mtihani, atamkimbia sungura. Muulize jambo ambalo wewe mwenyewe ungependa kulijua. Unadhani fisi alilala wapi usiku ule? Kobe alimficha nini mkewe? Au usiulize kitu, fungua ukurasa unaofuata.

*Mimi nakupinga, Mwalimu. Sungura anasema, fisi anavaa koti: huu ni uongo tunaowalisha watoto. Binti yangu nampa vitabu vya sayansi tu. – Baba wa binti mmoja, Kahawa West*

Vitabu vya sayansi mpe, Baba, tena vingi. Binti akisoma kwamba kinyesi cha fisi ni cheupe kama chokaa kwa sababu fisi hutafuna hata mifupa, utamsikia akiwasimulia wenzake mtaa mzima. Akisoma kwamba kwa fisi madoa jike ndiye mkubwa wa mwili na ndiye mtawala wa kundi, na kwamba fisi huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, atarudi kwa yule fisi mjinga wa hadithi na kumtazama kwa jicho jingine. Hapo ndipo ninapokuomba usimnyime hadithi, kwa sababu bila yule fisi wa kwanza huyu wa pili hana wa kulinganishwa naye.

Mtoto hadanganyiki kama unavyodhani. Nikisema "Paukwa!" nao wakaitikia "Pakawa!", wote darasani wanajua tumeingia mlango gani. Sijapata kuona mtoto akitoka kwenye hadithi na kwenda kumsalimia sungura.

Tena mara nyingine hadithi na sayansi hukaa nyumba moja. Yuko ndege mdogo wa rangi ya udongo anayewaongoza warina asali. Huja karibu na watu, hulia, huruka mti hadi mti akiwangojea, mpaka awafikishe kwa nyuki. Watu wakishapasua na kutoa asali, yeye hupata nta na mabuu. Wasimulizi wa sehemu nyingi za Afrika husema kwamba ukimnyima fungu lake, siku nyingine atakupeleka kwa simba au kwa nyoka. Mzungu akisikia hivi zamani alicheka. Lakini mwaka 1989 mtafiti Mkenya, Hussein Isack, pamoja na Heinrich-Ulrich Reyer, walichapisha matokeo ya kazi yao na Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Mahali wasipopazoea, kuwatafuta nyuki bila ndege kuliwachukua warinaji wastani wa saa 8.9. Wakiongozwa naye, saa 3.2. Waborana waliwaambia pia kwamba ndege yule, kwa mlio na kwa namna anavyoruka, huwajulisha upande na umbali, na vipimo vikakubaliana nao. Simba ni wa hadithi. Saa zile ni za kupimwa. Msomee binti vyote viwili usiku mmoja, na nina hakika hatavichanganya.

Kuna jambo jingine ninalolipenda sana. Mwaka 1870, huko London, mmisionari Edward Steere alichapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa Zanzibar. Mojawapo ni ya kima aliyefanya urafiki na papa. Kima yuko mtini, anamtupia papa matunda ya mkuyu. Papa anamwalika kwao, na wakiwa katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba ole, sisi mioyo yetu tunaiacha mtini, turudi tukaichukue! Sasa fungua Panchatantra, hadithi za kale za Wahindi. Kima ni yuleyule, na moyo ni uleule ulioachwa mtini, ila rafiki yake ni mamba. Naona msimulizi wa Unguja alitaka mnyama ambaye wasikilizaji wake wanamwogopa kila wanapotia mguu baharini. Hadithi kama hiyo imevuka maji mengi ikiwa hai, Baba. Binti yako anastahili kuisikia.

*Mwalimu, tuliambiwa darasani kuhusu kiboko aliyekuwa rafiki wa kobe huko Mombasa. Wenzangu wanasema imetungwa. Ni kweli? – Mwanafunzi wa Gredi ya 5, Kayole*

Ni kweli, mwanangu. Desemba 2004, siku zile mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu, mtoto wa kiboko alikwama baharini karibu na Malindi, peke yake, mama hayupo. Watu walihangaika kumnasa kwa kamba na nyavu, maana kiboko hata akiwa mtoto ni mzito na anateleza. Akapewa jina la mmoja wa waliomwokoa, Owen. Walimpeleka Haller Park, Mombasa, na alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa wa aina ya Aldabra, anayeitwa Mzee, aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Mwanzoni Mzee alimkwepa. Baadaye wakawa wanakula pamoja na kulala ubavu kwa ubavu. Kiboko akakua, akawa mzito mno kwa kobe, akahamishiwa kwa kiboko jike aitwaye Cleo ili aishi na kiboko mwenzake.

Mwanasayansi wa hapa kwetu, Paula Kahumbu, ni mmoja wa waliokiandika kitabu chao, na picha ndani yake ni za kamera, si za kuchora. Waambie wenzako wakitafute.

*Mwalimu, vitabu vipya ni ghali kwangu. Vile vya mitumba vina dubu na ndege wa Ulaya ambao hata mimi siwajui. Ninunue? – Mama mboga, Kariobangi*

Nunua, Mama. Wale wauzaji wa kando ya barabara tunaowaita inama, ukiinama kwa subira, wana hazina. Angalia kurasa zote zipo, angalia picha ziko wazi, basi. Dubu mwache awe dubu, usimgeuze simba. Mtoto akiuliza mbona amelala baridi yote, mwambie na sisi tuna kamongo, samaki ambaye maji yakikauka hujichimbia matopeni, akajifunika ute, akangoja mvua. Siku ukimwona kamongo sokoni, mwite mtoto aje amtazame mdomo na yale mapezi yake membamba kama kamba.

Na kabla ya kununua, kuna kuazima. Maktaba za Kaloleni na Makadara ni za watu wote na si mbali nawe. Ile kubwa ya McMillan, mtaa wa Banda, ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuketi ndani na kusoma. Leo mtoto wa mama mboga anapita katikati ya wale simba wawili wa mawe mlangoni. Mruhusu awaguse, wote huwagusa. Mkipata nauli ya siku nyingine, nendeni Makumbusho ya Taifa: chumba cha ndege waliokaushwa, na kule nje sanamu ya Ahmed, tembo wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Mzee Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Simama naye chini ya pembe zile, mpe muda.

*Mwalimu, binti yangu aliletewa kitabu chenye bundi kwenye jalada. Mama mkwe, tunayeishi naye, alikitoa nje usiku uleule. Anasema bundi huleta msiba. Sitaki kumkosea heshima. – Mama Binti, Dagoretti*

Barua hii nimeisoma mara tatu, kwa sababu mama yangu mzazi naye alimrushia bundi kijinga cha moto, nami nikiwa nimeshika vazi lake kwa hofu. Alikuwa akimuuguza nyanya yangu. Nimelifikiri jambo hilo maisha yangu yote. Anayekesha na mgonjwa ndiye anayemsikia bundi. Aliyelala fofofo hamsikii, na bundi alikuwapo usiku ule pia, akiwinda panya wa ghalani. Kingo za manyoya ya bawa lake zina vijinyuzi kama vya kitana vinavyovunja upepo, ndiyo maana hupita bila sauti, na kiumbe anayekutokea usiku bila sauti lazima atishe.

Usimwambie mama mkwe kwamba amekosea. Amezika watu, wewe hujui alimsikia bundi usiku gani. Kitabu kiweke kwenye mkoba wako kwa sasa. Jioni moja, akiwa ametulia, mkichambua mboga, muombe: "Mama, tusimulie mara ya kwanza ulipomsikia." Muulize kwao bundi waliitwaje, na kama kulikuwa na nyimbo zake. Katika Kiswahili cha zamani yuko bundi aitwaye babewatoto.

Binti akae hapo karibu, asikie yote, hata yanayotisha. Hilo analolijua nyanya yake halimo katika kitabu chochote nilichopata kukifungua. Akishamaliza kusimulia, ndipo umuulize kama mjukuu anaweza kumwonyesha picha ya huyo ndege. Akikataa, ngojeni jioni nyingine. Akikubali, niandikie alisema nini alipoyaona macho yake.